Kilio cha Nakijwa Kwenye Sahani

1.

TANGAZO
Kwa wakazi wote wa Mrindini. Kikosi cha Sinema za Kusema kitapiga picha hapa kuanzia Jumatatu. Jina la picha: *Chemsheni Maji*.
Anatakiwa mtoto mmoja wa kike, wa kufa.
Anatakiwa mama mmoja, wa kulia.

2.

"Wa kufa?"

Nakijwa alisoma tena. Misheni alifika darasa la nne, maandishi hayakumsumbua. Maana ndiyo iliyomshinda.

"Kufa kwa mchezo, mama Namsifu," alisema Zefania, karani wa sinema. "Mtoto amekunywa maji yasiyochemshwa, analala, anafumba macho, basi. Kisha anaamka anakula ndizi yake."

"Na mama?"

"Analia."

"Kwa mchezo?"

"Kwa sauti! Zamani picha zilikuwa bubu, ungepanua mdomo tu. Siku hizi zinasema. Ulaya, Bara Hindi, Misri, kila nchi inataka picha inayosema lugha yake. Sasa ni zamu yetu."

Namsifu, bintiye wa miaka tisa, alikwishajilaza barazani, ulimi nje.

3.

Wewe mama unayesoma hapa, sogea.

Huku Upare mtu aliye hai halili­wi msiba. Ukimlilia umemwonyesha njia. Nakijwa alilijua hilo kabla hajajua a, e, i, o, u. Lakini mtoto alimbembeleza, karani akambembeleza, naye akasema "haya".

Usiseme haya upesi hivyo. Uliza kwanza: sauti yangu ikitoka hapa inakwenda wapi? Nani ataisikia? Nikiitaka irudi, nitaiitaje?

Nakijwa hakuuliza.

5.

(Ya 4 Nakijwa ameiruka. Itakuja. Bado hajaiweza.)

6.

Vilivyonyamazishwa ili sauti inaswe:

jogoo wa mzee Kisimbo (tenga juu yake, gunia juu ya tenga)
vinu vyote vya mtaa wa juu
kengele ya kanisa (mchungaji aliandikiwa barua)
kitoto cha jirani (titi)
upepo (ulikataa)

7.

Sauti ilinaswa na mzungu mmoja aliyevaa vikombe viwili vyeusi masikioni kutwa nzima. Watu walimwita Bwana Masikio. Mbele yake sahani laini ya santuri ilizunguka, sindano ikichora.

Nakijwa alisita, kwa hiyo Zefania alijaribu kulia badala yake.

"Uwiii! Mwanangu weee!"

Mbuzi wakaitikia. Watu wakacheka, na kicheko chote kikaingia kwenye sahani. Bwana Masikio akavua vikombe vyake, akasema kitu kifupi.

"Anasema imebaki sahani moja," alitafsiri Zefania.

Namsifu alikuwa chali mkekani, amekufa vizuri sana, ila kidole gumba cha mguu. "Mama, lia basi," alinong'ona. "Nzi wananimaliza."

Nakijwa akapiga magoti. Akafungua mdomo.



Kisha

8.

sindano ilifika katikati ya sahani na kuzunguka bure. Yeye bado analia. Zefania ameshika kofia kifuani. Hakuna aliyecheka. Namsifu alikuwa ameketi, amemkumbatia shingo: "Mama, mimi niko hapa. Mama. Niko hapa."

Ndizi haikuliwa.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani mwao. Namsifu akikohoa, Nakijwa anaweka mkono kifuani pake. Namsifu akichelewa kisimani, Nakijwa yuko njiani. Wiki ya tatu alimfuata karani.

"Nirudishieni kilio changu."

"Sahani imekwenda, mama Namsifu. Zimetolewa nyingine kwa mfano wake, arobaini."

"Arobaini?"

"Ni heshima hiyo!"

Arobaini. Mara arobaini mwanangu

9.

Sauti zilizosikika uwanja wa soko, ng'ambo ya bonde, mwendo wa siku mbili kutoka Mrindini, shuka jeupe likiwa limefungwa kati ya nguzo mbili:

— Kaa chini, wewe kichwa!
— Mama huyo ni nani?
— Si picha imesema? Nakijwa wa Mrindini.
— Kidole kimecheza! Cha mguu!
— Upepo huo.
— Mtoto mzuri vile, kwa maji tu!
— Hebu msikilizeni huyo mama. Hiyo si sinema.
— Kesho nasaga unga.
— Tunasaga wote.

10.

Hodi.

Wanawake saba, mizigo kichwani: unga, maharage, mikungu ya ndizi, mkeka mpya. Miguu yao nyekundu kwa vumbi. Aliyetangulia, mama mrefu aitwaye Nanzighe, aliinamisha kichwa.

"Pole, mwenzetu. Tumechelewa, tulikuwa tunatembea."

Kabla Nakijwa hajajibu, Namsifu akatoka na kata ya maji.

"Shikamooni."

Mkungu mmoja ulianguka.

"Si ndiye maiti huyu?"

"Nilisema kidole kilicheza! Nilisema, mkaniita mwongo!"

"Jamani, maiti anatupa maji!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nakijwa aliona haya mpaka miguuni. Akawaeleza yote, tangazo, mchezo, sahani, akingoja wajitwike mizigo yao warudi.

Nanzighe hakuwa amecheka.

"Mimi nimezika wawili," alisema. "Kilio kile nakijua. Mtoto wa mchezo haliliwi vile. Ulikuwa unamlilia nani?"

4.

AMRI
Kwa sababu ya ugonjwa wa surua, mikusanyiko yote, yaani harusi, ibada na matanga, imekatazwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Maiti azikwe siku ile ile. Wazikaji wasizidi wawili.

Wawili walikuwa yeye na mumewe. Milango yote ya mtaa ilikuwa imefungwa. Shimo lilikuwa fupi. Alirudi, akanawa, akateka maji kwa sababu Namsifu alikuwa na kiu. Amri ilipoondolewa, kila nyumba ilikuwa na maiti wake, na hakuna aliyejua aanze kwenda kwa nani.

11.

"Enea," alisema Nakijwa. Mwaka mzima jina hilo halikuwa limetoka mdomoni mwake. "Alikuwa na miaka minne."

Nanzighe akatua mzigo.

"Basi tumefika penyewe."

Wakatandika mkeka mpya. Siku tatu. Walisonga ugali, wakaimba, wakauliza Enea alipenda nini. (Kumpanda mbuzi. Kuanguka. Kumpanda tena.) Siku ya pili majirani wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na jina la marehemu wake. Hata mzee Kisimbo. Namsifu aligawa maji.

Yaliyochemshwa.

12.

Onyo liko palepale, mama. Sauti ikishatoka si yako tena. Sahani zile arobaini hakuna hata moja iliyorudi, na Namsifu akikohoa Nakijwa bado anashtuka.

Ila Nakijwa akimaliza kukuonya hivyo, huupapasa ule mkeka kwa kiganja.

"Asanteni," husema.

Huwaambia wale saba. Pengine na sindano.

13.

TANGAZO
Picha ya *Chemsheni Maji* itaonyeshwa Jumamosi katika (jina la kijiji ambacho Nakijwa hajawahi kukisikia, mwendo wa siku nne). Wote mnakaribishwa.

14.

Amefagia ua. Ameloweka maharage mengi kuliko wanayoyamaliza watu watatu. Maji yako jikoni, yanachemka.

Mbwa amebweka mara moja, akanyamaza. Nyayo. Nyingi.

"Hodi—"

"Namsifu," anaita Nakijwa, na tayari anajifunga khanga kiunoni. "Kafungue wewe, mwanangu. Wakuone wewe kwanza."