Kidonda Kilichofungua Ukurasa wa Kuhama

Saa kumi na mbili jioni, Muthoki akimfunga mtoto mgongoni ili aende darasa la jioni pale Kitengela, kidonda kilichokuwa chini ya ulimi wa baba mkwe wake kilianza kusoma kwa sauti. Mzee Munguti alikuwa ameketi mlangoni, mdomo wazi kidogo, akikisikiliza kama taarifa ya habari ya lugha asiyoijua.

Muthoki hakuwahi kukiona. Kwa Wakamba wa nyumba hiyo, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, sembuse kumchungulia mdomoni. Aliyechungulia ni Kimanzi, mumewe, naye akasema ni jino. Meno mawili yaling'olewa huko Kisaju. Kidonda hakikujali.

"Kinasema nini leo?" mzee akauliza, uso kaugeuzia ukutani.

"Kimefungua ukurasa wa kuhama, baba."

Muthoki alikielewa kwa sababu ya masomo ya bayolojia: kila seli ina kitabu kilekile kizima, na huwa ngozi au mfupa kulingana na kurasa inazosoma. Seli za kidonda hiki zilikuwa zimeacha ukurasa wa kukaa mahali pamoja. Sasa zilisoma namna ya kuyeyusha ukuta wa jirani na kupita. Aliandika yote daftarini. Jumanne, ufizi. Ijumaa, taya.

Hospitalini Kajiado, Daktari Naliaka alilipitia daftari.

"Hiki kinasoma polepole. Kuna mama wa Tuala, chake kinasoma hata akiwa kanisani." Akagonga muhuri. "Nafasi ya mionzi ya saratani ni Machi."

"Na sai ni Oktoba, daktari. Kimesema Desemba kitakuwa shingoni."

"Nimeona. Umeandika vizuri, mama."

Jioni hiyo Muthoki alipiga magoti mbele ya mzee, akasogeza uso hadi mdomoni pake.

"Wewe msichana huna haya," mzee akasema, lakini hakuufunga mdomo.

Alikiomba kidonda, kwa heshima, kirudie ukurasa wa kutulia. Kikaacha kusoma. Akasikia kurasa zikipekuliwa, moja baada ya nyingine. Kikajibu kwamba ukurasa huo upo, haujachanika, ila umegandamana na wa pili wake na chenyewe hakina vidole. Kisha kikaendelea kilipoachia.

Desemba kilifika shingoni, siku kiliyotaja. Machi ilisogezwa hadi Juni. Muthoki aliliegemeza sikio kwenye kola ya mzee, maana sauti ilitokea huko siku hizi, akangoja kimalize. Kilipomaliza, akaupuliza uji upoe.

"Haya baba. Kidogo tu."