Kaburi la Upande wa Jalala

Tulipomzika kifungua mimba wetu, jalala lilikuwa mbali. Ndilo lililotufuata, likapanda mwaka hadi mwaka, mpaka likawa mlima juu ya makaburi.

Mimi ni mpimaji wa maji katika mamlaka ya mazingira. Maji meusi ya takataka yalipoanza kuingia kwenye visima vya mtaa, ni mimi niliyechota sampuli na kuzipima. Ikatoka amri: lichimbwe bwawa la kuyanasa. Wahandisi wakafuata mteremko kuona maji yanapoelekea. Yalielekea kwa mwanangu. Safu ya chini ya makaburi ikaamriwa ihamishwe.

Baba watoto akaninunia. Alipotaka kusema nami, alimtuma binti yetu: "Mwambie mama yako chai imepoa."

"Mwambie baba yako jiko halijahama," nikajibu. Halafu nikachoka na upuuzi huo, nikamfuata sebuleni. "Mtaani watoto wanaharisha damu. Ulitaka nifanyeje?"

"Hao ni watoto wa watu. Wangu umemfukuza kaburini."

"Ni wangu pia. Nilimzaa mimi, wewe ulikuwa nje unazungukazunguka."

Mdogo wake, aliyekuwa amekuja kutusuluhisha, akacheka kwa uchungu. "Shemeji, wewe hata machozi utayapima, useme yamezidi kiwango."

"Yakizidi, nitasema."

Baba watoto hakucheka. Alisema neno moja tu: atamtoa mwenyewe, mzima, amlaze pakavu. Nikakubali.

Siku ya kuhamisha, tingatinga lilikuwa linanguruma tayari. Baba watoto akasimama mbele yake. "Chuma hiki hakimgusi mwanangu." Dereva akazima mashine, akavua kofia. Bwana afya, aliyetumwa kusimamia kazi, akatukabidhi glavu na sanduku dogo jipya, akarudi nyuma.

Baba watoto alichimba kwa koleo. Hakuwa amefika mbali maji yalipoanza kujaa shimoni, meusi, yenye ule mnuko ninaoujua kabla sijafungua chupa. Yeye akiteka kwa ndoo, mimi nikipokea na kumwaga. Tukiteka, yanajaa. Mwishowe akatupa koleo, akapiga magoti humo humo, akaanza kupapasa.

Alipata misumari. Akapata kipande cha ubao, kikavunjika mkononi kama mkate uliolowa. Akapapasa tena, akavua glavu, akapapasa kwa vidole vitupu.

"Baba watoto, vaa glavu."

Hakunisikia. Mifupa ya mtoto mchanga ni laini, na maji yale yanakula hata bomba la chuma. Ningeweza kumweleza. Bwana afya alinitazama, naye alijua.

"Kaka, toka," shemeji akaita. "Inatosha."

"Nimempata," akasema.

Alinyanyuka na tope viganjani. Tope tupu, jeusi, likichuruzika hadi kwenye viwiko. Akainua uso kunitazama.

"Mama watoto. Ni yeye, sivyo?"

Katika kazi yangu sijawahi kuthibitisha kitu ambacho sijakipima.

"Ndiye," nikasema. "Mlete."

Akanyoosha mikono juu, taratibu, kiganja kimoja kikiwa chini ya kingine, jinsi mtu anavyokinga shingo ya mtoto aliyezaliwa jana. Nikainama, nikampokea vivyo hivyo.