Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la hospitali likishalowa halikamuliki na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake ile, huyu anasokota kulia na yule kushoto, mpaka maji yaishe. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi Chafya na mdogo wake Kitinda katika chumba cha kufulia, nyuma ya wodi ya homa, tangu mashine ya kukamulia ilipoharibika na watu wakazoea kuweka vikombe vya chai juu yake. Walikamua kwa mikono mitupu. Glavu zilikuwepo, ndani ya kabati la msimamizi, kwenye maboksi yake.

Homa nayo ilikuwemo mashukani. Asubuhi maji ya moto yalipomiminwa, ilijitoa kwenye mvuke, ikajikung'uta, ikapita ikitafuta mlango.

Kitinda alikuwa na mlango kifuani, chini ya bega la kushoto, saizi ya kiberiti, wa mbao, umepakwa rangi ya kijani. Ulikuwa mlango wa baba yao kabisa. Hata kitasa kilicholegea alikirithi vilevile. Baba mwenyewe homa ilimwingia kupitia hapohapo, wakamzika. Chafya alimfuata mama: mahali pale yeye alikuwa na ukuta, tena uliopigwa lipu safi. Baba mmoja, mama mmoja, na bado hawakufanana. Si kwamba Chafya hakuwa na pa kuingilia. Kisogoni alikuwa na kidirisha kisichofungika, na mafua yote ya mtaa yalipita humo. Jina lake lilitoka hapo. Lakini mafua hayakuwahi kumlaza.

Siku moja daktari wa wodi aliwapima wote wawili. Aliugonga ukuta wa Chafya kwa kidole, kisha akafungua na kufunga kile kimlango cha Kitinda.

"Ni vinasaba," alimwambia msimamizi. "Kinga ya mwili mtu anairithi vipande vipande. Huyu kachota kwa mama, huyu kachota kwa baba. Na anayezuia ugonjwa huu anaweza kuwa wazi kwa mwingine. Hakuna aliyekosea. Wape glavu."

Msimamizi alisikia yote isipokuwa la mwisho.

"Glavu za nini?" alimuuliza Kitinda, daktari alipoondoka. "Dada yako anafua hapa miaka nenda rudi, mikono mitupu, umewahi kusikia kalazwa? Basi shida siyo kazi, bibie. Shida ni huo mlango wako. Ufunge."

Kitinda aliufunga. Aliuziba kwa pamba, akauziba kwa nta ya mshumaa, akaubandika plasta. Homa haikuwa na haraka. Plasta ilipolowa, iliingia. Alishaugua na kupona mara kadhaa, kila mara akirudi amepungua, lakini safari hii hakuweza hata kuinua kichwa kunywa maji. Daktari alimvuta Chafya pembeni akamwambia mwili wa mdogo wake umechoka kupigana.

Roho ilimuuma Chafya. Afya yake ndiyo iliyofunga lile kabati. Angekuwa ameugua hata wiki moja tu, msimamizi angekosa la kusema. Alijiona kama amemuuza mdogo wake kwa uzima wake mwenyewe.

Mchana, jua likiwa limetulia juu ya blanketi, aliketi kando ya kitanda akagonga mlango wa kijani.

"Hodi."

"Karibu," homa ilijibu kutoka ndani, kama mwenye nyumba.

Jibu hilo lilimchefua Chafya, lakini hakulelewa vibaya, na homa ilimzidi umri hata bibi yake. Akaipa shikamoo. Ikaitikia marahaba.

"Toka humo, uingie kwangu," alisema.

"Kwako hakuna mlango, mwanangu. Napita hapo kila siku."

"Tafuta vizuri."

Homa ikatoka, imeinama. Kitinda akashusha pumzi ndefu, akageuka ubavu, akalala usingizi wa kweli. Homa ilimzunguka Chafya, ikapapasa lipu, ikajaribu kidirisha cha kisogoni, lakini mabega yake hayakupita.

"Ingia basi, jamani! Ingia!" Chafya alikuwa analia.

"Nimeshindwa, mwanangu. Niwie radhi."

"Basi kwa mdogo wangu hurudi." Akauziba mlango wa kijani kwa kiganja chake mpaka kulipopambazuka.

Homa isiyo na mtu haina pa kwenda. Ilimfuata kazini. Chafya alikuwa ameshika shuka lililolowa na hakuna wa kulishika upande wa pili, nayo ikalishika. Mikono yake ilikuwa na moto mzuri. Mashuka yalifika kambani nusu yamekauka.

Msimamizi alipita, akasimama.

"Huyu nani?"

"Homa," alisema Chafya, akapiga chafya.

"Anajua kukamua. Kaomba glavu?"

"Hajaomba."

"Umeona sasa!" Msimamizi alifurahi kabisa. "Mgeni wa leo, mikono mitupu, na wala hanung'uniki. Nyie wenyeji ndio wenye mambo."

Kitinda alirudi kazini mara tu miguu ilipoweza kumbeba, kwa kuwa nyumbani walikuwa wanategemea mishahara yote miwili. Alikuwa na plasta mpya. Homa ilipomwona iliinamisha macho, ikamsogezea beseni. Adabu ilikuwa nayo. Lakini mvuke ulipopanda ilijisahau, ikaanza kugeuka taratibu kuelekea kifua chake, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

Chafya akaingia katikati.

Tangu hapo shuka linakamuliwa na watatu. Kitinda anashika ncha hii, homa ile, na Chafya anasimama kati yao, ukuta wake ameuelekeza kwenye homa. Kabati bado limefungwa. Kidirisha cha kisogoni kinapitisha baridi kutwa nzima na pua inamwasha, lakini Chafya hapigi chafya tena. Anabana midomo, machozi yanamtoka, anajizuia, kwa sababu ukipiga chafya lazima ufumbe macho.