Vidonge Thelathini na Sita

Jumamosi asubuhi, chupa ya dawa ya moyo ya mama ilikuwa imebaki na vidonge viwili. Mwanawe, mchomeleaji wa mageti, alikuwa na fedha za kununua vidonge kumi. Alipita duka la dawa bila kugeuza shingo, akaingia duka la kubeti lililo mlango wa pili, akaziweka zote kwenye mkeka wa mechi tano.

Nyumbani alimwonyesha mama karatasi ya mkeka. Mama alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mmoja.

"Odi zenyewe mbili, moja nukta tano, tatu, mbili, moja nukta mbili," alisoma mwana. "Jumla tisa nukta saba. Tunapata mara tisa na ushee."

"Wewe ulifundishwa na nani? Unaniaibisha. Odi hazijumlishwi, zinazidishwa. Mbili mara moja na nusu, tatu. Mara tatu, tisa. Mara mbili, kumi na nane. Na hii ya mwisho, ishirini na moja nukta sita. Ya nini sasa, mbona inaongeza kiduchu?"

"Hiyo ya uhakika, mama. Vinara wanacheza na wanaoburuta mkia. Ya kunogesha tu."

"Ikikosea?"

"Sifuri."

"Umepatia nne, halafu sifuri?"

"Ndivyo wanavyopiga hesabu."

Saa nane mchana mechi ya kwanza ilipatia. Mama alifungua chupa akakuta vidonge vinne. Alivihesabu juu ya sahani, akavirudisha. Ya pili ilipopatia vilikuwa sita, na ya tatu, kumi na nane. Jioni alimeza kimoja, akalala.

Jumapili, mechi ya nne nayo ilipatia. Chupani mlikuwa na vidonge thelathini na vinne. Mama alisema kile alichomeza jana sasa ni viwili, anavisikia. Uvimbe wa miguu ulikuwa umeshuka. Alivaa viatu vya kufunga kamba, akaenda mwenyewe kwa jirani kurudisha sufuria ya watu.

"Kata mkeka sasa," alisema aliporudi.

"Haukatwi, mama. Mpaka zote tano."

Vinara walifungwa bao moja, dakika ya themanini na nane, na beki wao wenyewe. Chupa ikawa tupu. Mama alishika tumbo akasema hata vile viwili vimetoka. Kufika saa kumi na mbili viatu havikuvulika tena, na mwana alivikata kwa mkasi wa kukatia bati.

Jumatatu alilipwa ujira wa bawaba mbili, fedha za vidonge vitatu. Akaenda duka la dawa.

"Vyenu vilifika vingapi?" aliuliza muuza dawa, akifuta kaunta.

"Thelathini na sita."

"Si haba. Kuna mzee wa kisukari, vyake vilifika mia mbili na kumi." Alionyesha ukutani, palipotobolewa mlango mpya, rangi bado mbichi. "Wale wa kubeti wameomba tupasue hapa. Wateja wasizunguke juani."

Mwana alizitazama fedha, akazirudisha mfukoni, akapitia mlango ule. Nyumbani mama alikuwa amelala chali, miguu juu ya mito miwili. Asubuhi, kabla mwana hajatoka, alikuwa amemwambia safari hii aache ya uhakika, achague nne tu.