Foleni ya Vitu

Umma unatangaziwa kwamba saa ya ukutani iliyokuwa katika chumba cha sindano imehamishiwa chumba cha kadi, na kwamba kuanzia tarehe ya tangazo hili saa hiyo itahesabiwa kuwa mali ya chumba cha kadi. Usumbufu wowote utakaojitokeza unasikitikiwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati likiwa na mihuri miwili na sahihi tatu. Kila aliyejua kusoma alilisoma hadi mwisho, kisha akalirudia, kwa kuwa watu walioishi muda mrefu karibu na ofisi ya serikali hawaamini kwamba karatasi yenye mihuri miwili inaweza kuwa inazungumzia saa tu. Walikuwa na haki ya kushuku. Wiki hiyohiyo daktari mgeni, yule anayekuja Jumanne ya kwanza ya kila mwezi kutoka hospitali ya rufaa, alipunguziwa wagonjwa wake hadi ishirini kwa siku, na jambo hilo halikubandikwa popote. Lilijulikana Jumanne yenyewe, karani wa kadi alipofika kwa mtu wa ishirini, akafunika kalamu yake na kuingia ndani.

Fundi cherehani alikuwa wa thelathini na nane.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa eneo lile, na jicho lake la kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilikuwa likifuata njia ileile. Tabibu wa zahanati alimweleza kwamba ni presha ya jicho, kwamba haiumi na haisubiri, na kwamba ile duara anayoona ndani yake itaendelea kusinyaa hadi abaki kama mtu anayechungulia dunia kwa tundu la kitasa, na baadaye hata hilo tundu litazibwa. Upasuaji ungeweza kulizuia. Bima yake ingelipia upasuaji, ila kwa sharti la barua ya rufaa, na barua ya rufaa husainiwa na daktari mgeni peke yake. Bila barua, gharama ilikuwa sawa na bei ya cherehani nne. Yeye alikuwa na moja.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea foleni, na foleni ya pale haikuwa ya watu. Wagonjwa walitoka mbali, wengine mwendo wa saa nne kwa miguu, na hakuna aliyetaka kulala uwanjani. Tangu zamani walikubaliana kwamba Jumatatu alasiri kila mmoja aweke kitu chake mchangani, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia mlango wa daktari kuelekea langoni, kisha aende akalale kwa ndugu au jamaa. Palikuwa na kandambili za mguu mmoja, madebe, vigoda, vifuniko vya sufuria, na mara moja meno ya bandia ndani ya kikombe. Saa kumi na mbili jioni lango lilifungwa. Asubuhi saa mbili lilifunguliwa, kila mtu akasimama penye kitu chake, na karani akapita akiandika. Hakuna kilichowahi kuibwa. Watu wa pale walilitaja jambo hilo mara nyingi, kama watu wanavyotaja jambo zuri pale wanapokuwa na moja tu.

Fundi aliweka pasi ya mkaa, nzito, isiyo na mfuniko, ambayo haingeweza kufanana na kitu cha mtu mwingine. Aliiweka ya saba. Aliikuta ya thelathini na nane. Mbele kabisa, penye nafasi ya kwanza, kilikuwa kigoda cha muuza nyama, ambaye kila mtu alimwona Jumatatu akifika lango likiwa karibu kufungwa, akitembea kama mtu anayekwenda kupunga upepo.

Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Muuza nyama alikuwa na fedha, karani alikuwa na kalamu, na maini, kama ilivyosemwa bombani siku hiyo, hayaachi risiti. Walikumbuka pia kwamba hata miaka ya nyuma foleni ilikuwa na kawaida ya kuvurugika, ila wakati huo daktari aliona watu wote, na mtu ambaye atafikiwa tu hachunguzi sana nani ametangulia. Sasa walichunguza. Aliyekuwa wa pili alimshuku wa kwanza, wa arobaini aliwashuku thelathini na tisa, na karani, aliyeshukiwa na wote, aliacha kununua nyama kabisa ili asionekane amebeba kifurushi. Hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi.

Mwezi uliofuata Fundi hakuiamini tena njia. Mara mbili alikuwa amegonga nguzo upande wa kushoto. Akamtuma wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye sauti kubwa na baiskeli, aipeleke pasi mapema iwezekanavyo. Wifi alirudi akasema ameiweka ya pili. Asubuhi pasi ilikuwa ya arobaini na moja.

Walipofika nyumbani Fundi alimuuliza, kwa upole ambao wifi aliutambua mara moja kuwa si upole, kama jana kulikuwa na msiba mahali popote, au harusi, au mazungumzo marefu barabarani.

"Sema unachotaka kusema, wifi."

"Nauliza tu ulifika saa ngapi."

"Nilifika jua likiwa utosini. Pasi yako imenichubua paja. Kama huniamini, mwezi ujao kalale nayo, uifunike shuka."

Hawakusemeshana wiki tatu. Fundi alikaa kwenye mashine yake akiwaomba wateja wamtungie uzi kwenye sindano, na katika ukimya huo alifikia hitimisho ambalo hakulipenda: kwamba inawezekana kabisa wifi anasema kweli, na kwamba kuna jambo linatokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili asubuhi.

Mwezi wa tatu aliiweka pasi mwenyewe, ya tano, na Jumanne alfajiri alikuwa ameshasimama nje ya uzio wa waya, macho ameyaelekeza ndani. Alimtarajia karani. Aliyekuja alikuwa mfagiaji, mzee mkimya mwenye ufunguo wa lango, aliyewahi kusifiwa hadharani na mkaguzi kwa usafi wa uwanja. Mzee alisogeza mkokoteni wake wa taka hadi mlangoni kwa daktari. Akainua kitu cha kwanza, akakiweka chini kabisa ya mkokoteni. Akainua cha pili, akakiweka juu yake. Akaenda hivyo, bila haraka, hadi kitu cha mwisho karibu na lango, ambacho kilikuwa kigoda cha muuza nyama, na kigoda kikakaa kileleni. Kisha akafagia. Alifagia vizuri, hata jicho bovu liliweza kuona mistari ya ufagio. Alipomaliza alirudisha mkokoteni mlangoni kwa daktari, akachukua kilichokuwa juu, akakiweka cha kwanza.

Fundi alitazama foleni nzima ikipinduliwa kama shuka linalogeuzwa kitandani. Aliyewahi kuliko wote akawa wa mwisho. Na kwa mujibu wa hesabu hiyo, kadiri mtu alivyokuwa mgonjwa na mwenye hofu, ndivyo alivyowahi, na ndivyo alivyokosa.

Alimwita mzee kwenye uzio, akamwamkia, akamuuliza kama anajua mpangilio wa vitu ulivyokuwa. Mzee alijibu kwamba anajua: vilianzia mlangoni, na amevirudisha kuanzia mlangoni.

"Lakini, baba, pasi yangu ilikuwa ya tano."

"Na ipo. Hesabu vitu, mama. Viko arobaini na nne. Miaka kumi na moja hakijapotea hata kijiko."

Akamwomba airudishe pasi mahali pake. Mzee alimtazama kwa masikitiko ya mtu mwaminifu aliyealikwa katika wizi. Alisema kwamba yeye hapangui foleni ya watu.

Muuza nyama alifika saa mbili kasoro dakika chache. Fundi alimwambia, bila salamu ndefu, kwamba ameona. Muuza nyama hakuona haya. Alikuwa na shinikizo la damu na barua yake ya rufaa ilihitaji kusainiwa upya kila mwezi. Aliligundua jambo lile mwaka jana, alipokuja kuuza alfajiri.

"Ungeweza kusema," Fundi alimwambia.

"Ningemwambia nani? Hakuna aliyeniuliza, fundi. Walinisema tu. Na wewe usiseme. Njoo mwisho mwezi ujao, kaa nyuma yangu, utaonwa wa kwanza. Kisha nenda kahubiri."

Lilikuwa shauri baya lenye faida, na Fundi alilipokea. Jicho lake lilikuwa na miezi michache. Foleni ilikuwa na miaka. Ila alikuwa na deni moja la heshima. Jioni ile alikwenda kwa wifi yake, akakaa kwenye mkeka, akamwomba radhi, na kwa kuwa radhi isiyo na maelezo haikubaliki kwa mawifi, akamweleza yote, toka mkokoteni hadi kigoda. Wifi alimsamehe. Aliapa pia kwamba siri hiyo itakufa naye. Baadaye alikiri kwamba alimwambia mtu mmoja tu, jirani, ambaye ana mtoto wa pumu, na kwamba mtu mwenye roho hawezi kumficha mama wa mtoto wa pumu. Jirani naye alikuwa na roho.

Jumatatu ya mwezi wa nne, saa kumi alasiri, uwanja wa zahanati ulikuwa mtupu. Nje ya uzio palikuwa na watu zaidi ya hamsini, na kwa maelezo yao wenyewe hakuna aliyekuwa amekuja kuweka kitu. Kila mmoja alikuwa anapita. Mzee mmoja mwenye debe kwapani aliulizwa na mwanamke aliyeficha kifuniko ndani ya khanga anakwenda wapi.

"Kuteka maji."

"Bomba limekauka tangu juzi."

"Ndiyo maana siendi haraka. Na wewe hicho kifuniko unapeleka kwa nani?"

"Kwa mwenye sufuria."

Waliongea hivyo hadi jua likainama. Kila aliyesogea hatua moja kuelekea langoni alitazamwa na wote kwa matumaini, kwa kuwa kila mtu alihitaji wa kwanza ajitokeze ili yeye awe wa baadaye. Hakujitokeza. Muuza nyama alifika wakati wake wa kawaida, akauona umati, akauona uwanja mtupu, akakiweka kigoda chake nje ya uzio na kukikalia. Fundi alisimama na pasi mkononi, na upande wake wa kulia wifi yake, akiwa ameshikilia baiskeli.

Saa kumi na mbili lango lilifungwa. Alfajiri mfagiaji alifagia mchanga usio na kitu, akauliza kupitia uzio kama daktari amefariki.

Saa mbili lango lilipofunguliwa, foleni ya vitu ilikuwa imekwisha, na watu wakaingia kama maji. Fundi aliliona lango kwa jicho lake lililobaki, akaliona dogo na la mbali, na hakuona kitu kingine chochote. Bega lilimjia kutoka kushoto, ambako kwake hakukuwa na dunia. Alianguka pamoja na pasi. Alipoinuliwa, karani alikuwa tayari ameandika watu kumi na tisa, na wa kumi na saba alikuwa wifi yake, aliyepita kwa viwiko, akageuka akitafuta wa kumpisha.

"Mwandike huyu wifi yangu. Mimi sina ugonjwa, mimi nilimshikia nafasi."

"Kama huna ugonjwa, toka kwenye foleni," karani alisema.

"Natoka. Yeye aingie."

"Ukitoka wewe anasogea aliye nyuma yako. Yeye hayuko nyuma yako, yuko pale."

Wifi alitoka. Aliyekuwa nyuma yake akasogea, kisha wa nyuma ya huyo, na wa ishirini akawa kijana aliyekuja kupimwa kwa ajili ya leseni ya udereva. Fundi alimsubiri daktari kando ya gari lake hadi saa tisa. Daktari alimsikiliza mlango ukiwa wazi, akalitazama jicho kwa mwanga wa jua, na uso wake ulibadilika kidogo. Alisema kwamba kweli linahitaji kupasuliwa, na upesi. Alisema pia kwamba barua za rufaa zina namba, na namba zinakwenda na kadi, na kadi za leo zimekwisha. Alimshauri aje mwezi ujao.

Karani aliandika taarifa kwamba kulitokea vurugu. Kamati ya Zahanati ikakutana siku tisa baadaye katika chumba cha kadi. Fundi aliitwa kama shahidi; wifi alimshika mkono hadi kwenye kiti, kwa kuwa sasa asingeweza kukipata peke yake. Alieleza yote kwa utaratibu, hata lile la kunyamaza kwake, ambalo hakuulizwa. Alipofika kwenye mkokoteni alitumia vikombe vya chai vya wajumbe kuwaonyesha: cha kwanza chini, cha mwisho juu. Wajumbe walitazama vikombe vyao kwa makini. Mmoja aliuliza mkokoteni ule ulinunuliwa kwa fungu lipi. Mwingine aliuliza kama mzee anapoinua vitu huwa amevaa nini. Mwenyekiti alimshukuru shahidi na kumtakia afya njema.

Uamuzi ulisomwa Ijumaa, mbele ya mlango wa daktari. Kamati, baada ya kupokea ushahidi na kuutafakari kwa kina, imebaini kwamba mfagiaji amekuwa akigusa vitu vya wagonjwa bila kuwa na sare. Kuanzia mwezi ujao atapewa koti, kofia na kitambulisho, na ataendelea na kazi yake kama kawaida. Idadi ya wagonjwa wa daktari mgeni itabaki ishirini. Wale wote waliokosa nafasi wanashauriwa kuwahi.