Mabenchi ya Klabu ya Kongo

Jumamosi ile niliamka na Kiingereza mdomoni. Binamu yangu Kevin, ambaye klabu yao ya vijana kule Kibera ilikuwa imeshasajiliwa, alikuwa amenifundisha maneno ambayo maafisa hupenda kuyasikia: objectives, membership, community, na kubwa lao, volunteer, yaani mtu wa kujitolea. Niliyakariri nikifua, nikichota maji, nikisonga ugali. Mama alisema nikithubutu kumwamkia kwa Kiingereza, mwiko utanijibu.

Sikuwa nikicheza. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na chifu wetu alikuwa ameshatutawanya kwa askari, akisema vijana wakikaa pamoja bila cheti basi wanapanga siasa au wizi. Sisi tulikuwa tukipanga kuzibua mitaro na kuwafundisha watoto kusoma. Alituahidi kwamba akitukuta tena bila cheti atafunga chumba tulichopewa na Mzee Kihara, mwenye ploti, na hapo klabu ingekuwa imekwisha. Cheti kilikuwa mikononi mwa Bwana Muia, afisa wa maendeleo ya jamii. Mimi, katibu wa klabu, nilimwendea ofisini hadi akachoka kuniona, akakubali kuja kwetu Kongo, mtaa wa Kawangware, kuhakikisha kwamba kweli tuna chumba, tuna viti na tuna wanachama.

Mchana nikafungua mlango, nikakuta chumba kitupu. Mabenchi yetu, yale tuliyoyagonga wenyewe kwa mabaki ya mbao za mjengo, hayakuwapo hata moja. Wanachama nao hawakuwapo. Jirani akaniambia Derrick, mwenyekiti wetu, ameyapeleka kwa Mama Lenah. Mumewe, Mzee Khamala, alikuwa amefariki, na sisi watu wa mkoa wa Magharibi hatusafirishi mwili nyumbani kabla ya kukaa matanga. Wageni wa matanga lazima wapate pa kukaa.

Nilikasirika, sitaficha. Mzee Khamala nilimpenda, lakini siku hiyo hata yeye ningemwomba asubiri kidogo. Nilikuwa bado nasonya pale mlangoni Bwana Muia alipofika, faili kwapani, viatu vinang'aa.

"Sasa, Nasike," akasema akichungulia ndani. "Members wako wapi?"

"Wako kazini. Twende nikuonyeshe."

"Mimi nimekuja kuona klabu."

"Klabu ndiyo nakupeleka uione. Si mbali." Nikaanza kutembea kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Kwa Mama Lenah palikuwa pamejaa. Derrick alikuwa akipanga mabenchi chini ya turubai, akitembea polepole asiwasumbue wazee. Sella na Trizah walikuwa wameinamia karai la vikombe. Wengine walikuwa wakiingia na mitungi ya maji. Moyo wangu ulitulia. Nikajiambia, huyu akikosa kuiona klabu hapa, basi haoni.

Kumbe nilisherehekea mapema. Bwana Muia alisimama katikati ya watu, akasafisha koo, na kabla sijamshika mkono akasema kwa sauti ya ofisini, "Volunteers wa youth club, simameni niwaone."

Hakuna aliyesimama. Derrick akatazama viatu vyake. Sella akazidi kuinama karaini.

Nilielewa papo hapo. Kwetu, mbele ya aliyefiwa, hutangazi ulichomfanyia. Ukisimama kujionyesha, ni kama unamdai asante, na Mama Lenah alikuwa amekaa pale pale mkekani, leso kichwani, akitutazama.

"Kwa hivyo hakuna?" Bwana Muia akaniuliza, faili ikirudi kwapani. "Basi simama wewe, niandike hata mmoja."

Miguu yangu ilitaka. Niliona kufuli la chifu mlangoni mwetu, nikawaona watoto wakirudishwa nyumbani na vitabu vyao. Halafu nikamwona Mama Lenah. Nikachuchumaa kando ya karai, nikachukua kikombe, nikaanza kukisuuza.

"Hapa hatasimama mtu, Bwana Muia," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi. Wewe kaa. Watu wakitawanyika, mabenchi yanarudi chumbani, sababu usiku yakibaki nje yanaibiwa. Utakayemwona amebeba benchi, huyo ni member."

"Nasike, mimi sina hiyo time."

"Sawa. Basi Monday nitakuwa ofisini kwako. Na Tuesday. Hata hiyo Wednesday utanikuta mlangoni."

Alijua sitanii. Akakaa, na Trizah akamletea chai.

Maombi yalipokwisha, wazee waliinuka, na bila kuambiwa vijana wakashika mabenchi wawili wawili, wakatoka mmoja nyuma ya mwingine kuelekea chumbani. Bwana Muia aliwahesabu wakipita. Nikabaki na benchi la mwisho peke yangu, maana Trizah alikuwa amekataa kumwacha Mama Lenah na sufuria chafu. Nikalishika upande mmoja, nikasubiri. Sikumwomba. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaibana faili vizuri kwapani, akashika upande wa pili.

Tulipokaribia mtaro wa chini, akaniuliza kwa Kiingereza volunteer ni mtu wa namna gani. Lilikuwa ndilo swali nililolingojea tangu asubuhi, na jibu la Kevin nilikuwa nalo lote, hadi nukta ya mwisho.

"Inua upande wako," nikamwambia, "tunavuka."

Akainua. Tulipofika chumbani, matope yalikuwa yamempanda hadi kwenye soksi. Akaketi kwenye benchi lile lile, akaandika, akatia sahihi pale tulipoihitaji. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, kesho mabenchi yanarudi kwa Mama Lenah saa ngapi.