Liki za Mzee Septimus

Pale Hetherburn, kijiji cha wachimba makaa kaskazini mwa Uingereza, mwanaume alipimwa kwa mambo mawili: makaa aliyotoa chini ya ardhi na liki alizootesha juu yake. Liki ni ndugu wa kitunguu, mboga ya supu, lakini ukiwaambia wazee wa pale kwamba ni mboga ya supu utakoma. Walizilea kama mayai. Walizinywesha bia na maji ya samadi kwa vipimo ambavyo hata wake zao hawakuambiwa, na siku ya mashindano ilipokaribia walizilinda, maana visu na roho mbaya havikukosekana mtaani.

Ettie Charlton aliolewa katika nyumba ya namna hiyo. Baba mkwe wake, mzee Septimus, alikuwa na liki mwaka huo wa 1938 ambazo hata wapinzani wake walizitazama kimyakimya. Mashina yake yalikuwa manene kama mkono wa mchimba makaa, meupe pe. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Na wiki hiyohiyo Hitler akatangaza kwamba asipopewa kipande cha nchi ya Wacheki, atakichukua mwenyewe.

Jumapili watu waliitwa shuleni kugawiwa barakoa za kujikinga na gesi ya sumu. Ettie alikwenda na binti yake Doreen, mtoto wa miezi minne, amembeba kifuani. Alipewa yake, akapewa ya mzee, akabaki amesimama.

"Na ya huyu?"

Mama aliyekuwa akigawa hakumtazama usoni. "Za wachanga bado hazijatoka, mpenzi. King'ora kikilia, lowesha blanketi, mfunge gubigubi, ukimbilie kwenye handaki lenu."

"Hatuna handaki."

"Basi chimbeni."

Njia nzima hadi nyumbani Ettie aliwaza lile blanketi la maji na pua ndogo iliyo ndani yake. Mumewe Norman, mtu wa kuinua na kuchimba, alikuwa ameshaitwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege huko pwani. Aliondoka akicheka kwamba mizinga yao ni minne lakini unaofyatuka ni mmoja. Ettie hakucheka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua uliosakafiwa kwa mawe, na chini ya mawe palikuwa na mabaki magumu ya makaa ya miaka na miaka. Udongo wa kuchimbika ulikuwa mahali pamoja tu, ule uliorutubishwa na kulainishwa tangu Norman hajazaliwa. Mahali penyewe ni penye liki.

Mambo mengine mkwe hamwambii mkwewe.

Jioni ya Jumanne waziri mkuu alizungumza redioni kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mzee Septimus alisikiliza ameinamisha kichwa, na Jossie Tweddle, jirani yao ambaye alishindana naye liki kwa miaka ishirini, alisikiliza akitikisa goti.

"Mzee wa watu ameishiwa," Jossie alisema redio ilipozimwa. "Anambembeleza mwizi. Ukicheka na nyani utavuna mabua, Sept, mimi nakwambia."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Hiyo nusu wanailipa akina nani? Wewe?"

"Jossie, wewe vita ile ulikuwa chini ya ardhi, sikulaumu, makaa yalitakiwa. Mimi watoto wangu wawili wamo kwenye lile jiwe la waliokufa vitani pale kanisani. John na Edwin. Kila kijiji nchi hii kina jiwe lake, na huyo mzee wa London kila aendapo anakutana nalo. Apigane kwa silaha gani? Norman anasema mzinga mmoja kati ya minne. Wakanada waliotusaidia vita ile wamechoka, Waaustralia wamechoka, Wafaransa wanajificha nyuma ya ukuta wao wa mpakani. Ndege zikija, wataalamu wote wanasema, hakuna wa kuzizuia."

"Kwa hiyo tumpe tu."

"Wajerumani tuliwabana mno vita ilipoisha. Labda akipata hicho kipande atashiba."

"Atashiba!" Jossie alimgeukia Ettie. "Binti, wewe umeshamwona nguruwe aliyeshiba?"

"Mimi nataka kulala usiku mmoja, baba Jossie," Ettie alisema. "Basi."

Nchi hiyo ya Wacheki hakuijua. Angeonyeshwa ramani asingeweza kuiwekea kidole. Alijua tu kwamba kama kuigawa kungemfanya Doreen apumue hewa ya kawaida, angeigawa yote kabla ya chai, na akaona aibu kuwaza hivyo mbele ya mtu kama Jossie.

Jumatano mchana akashika sururu. Alimlaza Doreen kwenye kigari karibu na mlango, akaanza kung'oa mawe ya sakafu. La kwanza lilitoka. Chini yake sururu ilidunda na kumrudi mabegani. Alipiga, akapiga, hadi viganja vikachubuka, na shimo lilikuwa halitoshi hata kumzika kuku. Mvua ikaanza. Akaendelea.

Mzee Septimus alitoka akasimama mlangoni na kofia yake. Alitazama shimo. Akamtazama mjukuu wake kwenye kigari, halafu akaenda bandani, akarudi na uma wa kulimia. Alimpita Ettie, akapiga goti penye liki, akaingiza vidole chini ya ile kubwa kuliko zote na kuinyanyua taratibu, mizizi yake yote ikining'inia.

"Baba," Ettie alisema. "Jumamosi."

"Jumamosi naijua."

"Labda watasikilizana. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Na ninaomba iwe hivyo." Aliilaza liki juu ya gunia kama anamlaza mgonjwa. "Lakini kuomba ni kuomba, na mtoto ni mtoto. Nishikie hilo gunia, mwanangu. Na kichwa cha Jossie kikitokea juu ya ukuta, mrushie jiwe."

Kichwa cha Jossie kilitokea, kwa sababu kilikuwa hakikosi jambo. Aliona liki zimelazwa juu ya gunia. Huyu ndiye aliyetaka vita tangu Jumapili. Bustani yake ilikuwa na udongo laini vilevile, na liki zake zilikuwa zimesimama wima zikisubiri Jumamosi. Kichwa kikashuka polepole.

Walichimba hadi giza likaingia. Septimus alikuwa amekaa chini ya ardhi maisha yake yote, na handaki lake lilikuwa na kuta zilizonyooka, nguzo za mbao, na benchi ya kukalia. Kesho yake zile liki, ambazo zingemvika ufalme wa Hetherburn, Ettie alizikata akazipika supu na viazi. Chungu kilizunguka mtaa mzima. Septimus alikula mabakuli mawili.

"Chumvi imepungua," alisema, na hapo ndipo Ettie alipolia.

Ijumaa jioni redio ikasema yamekwisha. Waziri mkuu amerudi kutoka Munich, Ujerumani, na karatasi mkononi, imetiwa saini, Hitler anapewa kile kipande, hakuna vita. Mtaa uliripuka. Wanawake walitoka na sufuria wakizigonga kwa miiko, mtu akapiga kodiani, kengele ya kanisa ikalia ovyo kama iliyoshikwa na mlevi. Ettie alikaa kizingitini na Doreen mapajani, akacheka hadi mbavu zikauma. Norman atarudi. Usiku huo alilala fofofo, na mtoto akalala, na hakuna aliyeota gesi.

Jumamosi, Jossie Tweddle alishinda mashindano ya liki.

Alikuja jioni, amevaa suti yake ya mazishi, na kifurushi kwapani. Septimus alikuwa amekaa ukingoni mwa handaki akivuta kiko.

"Nimekuja kutukanwa," Jossie alisema.

"Keti kwanza, utatukanwa ukiwa umekaa."

"Zako zilikuwa kubwa kuliko zangu."

"Najua. Na tamu."

Jossie aliketi. "Mimi ndiye niliyepiga kelele tupigane, na nilishindwa kung'oa hata moja. Wewe uliyetaka amani umeng'oa zote." Alikibana kifurushi kwapani. "Lakini mzee wako wa London, Sept, usimfananishe na wewe. Wewe ulitoa vya kwako. Yeye katoa vya watu."

Septimus alikitoa kiko mdomoni. Ettie, aliyekuwa mlangoni, alimwona akitazama kule liliko kanisa.

"Ningekuwa na nafasi ya kutoa vya jirani, ningetoa vya jirani," alisema. "Vyako, Jossie. Ningeanza na vyako, tena bila kukuuliza. Kwa ajili ya huyo mtoto ndani ningeng'oa bustani za mtaa mzima na nikalala usingizi. Sasa mtu mwenye watoto wa nchi nzima mlangoni kwake, nimlaumuje?"

"Utamlaumu siku Hitler atakaporudi kudai zaidi."

"Akirudi tutalaumiana. Handaki silifukii."

Jossie aliguna, akamnyooshea Ettie kifurushi. "Zawadi ya mshindi. Mimi sina haki nayo. Mpe aliyeshinda."

Ndani yake mlikuwa na blanketi la sufi, jipya, jeupe, zito. Ettie aliingia nalo ndani, akalikunjua, akamfunika Doreen hadi kidevuni. Siku hiyohiyo, redio ilisema, majeshi ya Hitler yalianza kuingia katika kile kipande cha nchi ya Wacheki, na kule nako pasingekosa mwanamke anayemfunga mtoto wake ili akimbie. Ettie alimfikiria huyo mwanamke, wala hakujaribu kumsahau. Aliona haya mbele yake. Kisha akapapasa blanketi, akaliona kavu, na furaha yake ikawa kubwa kuliko haya yake.